Maoni ya umma, sera za kupambana na ugaidi na haki za raia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yameulizwa, kwa maneno tofauti, na wakazi wa Dodoma wa aina nyingi: wanafunzi wa sheria na sosholojia, watumishi waliohamia makao makuu, wenyeviti wa mitaa, waumini wa misikiti na makanisa. Majibu yanaeleza sheria ilivyo na namna maoni ya watu yanavyopimwa. Mwenye shauri mahakamani anahitaji wakili, na ukurasa huu hauwezi kuwa badala yake.

Dodoma haijapata kushambuliwa. Kwa nini jambo hili lituhusu?

Ni kweli kwamba matukio tunayoyakumbuka yalitokea mbali na hapa. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulilipuliwa, watu 11 wakapoteza maisha, siku ileile ambapo mlipuko wa Nairobi uliua zaidi ya watu 200. Mei 2013 bomu lilirushwa katika uzinduzi wa kanisa huko Olasiti, Arusha. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti, katika mfululizo wa mauaji ambao watu walibishana iwapo uitwe ujambazi au ugaidi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilivamiwa na wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji.

Lakini kila sheria iliyotungwa kujibu matukio hayo ilipita hapa. Muswada husomwa Dodoma, kamati hukaa Dodoma, na wadau huitwa Dodoma kutoa maoni. Mkazi wa Makole au Chang'ombe yuko karibu zaidi na mlango wa Bunge kuliko mkazi wa Mtwara anayelala karibu na mpaka, ingawa ni huyo wa Mtwara anayejua hofu yenyewe ilivyo.

Je, kuna takwimu za kuaminika kuhusu maoni ya Watanzania?

Zipo, ila ni chache na zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Chanzo kinachotumika zaidi ni Afrobarometer, mtandao wa tafiti za maoni barani Afrika, ambao nchini hufanya kazi kupitia taasisi ya utafiti ya REPOA. Katika awamu yake ya saba, iliyofanyika kati ya 2016 na 2018 katika nchi 34 za Afrika, wahojiwa walisomewa kauli mbilimbili zinazopingana na kutakiwa kuchagua ile wanayoikubali zaidi. Jozi tatu zinatuhusu. Ya kwanza ilihusu amri ya kutotoka nje na vizuizi barabarani pale usalama unapotishiwa. Ya pili, serikali kufuatilia mawasiliano ya faragha, kwa mfano ya simu, ili kuzuia watu wanaopanga vurugu. Ya tatu, serikali kudhibiti yanayosemwa katika nyumba za ibada.

Kwa nchi zote kwa ujumla, zaidi ya nusu ya wahojiwa walikubali vizuizi na amri ya kutotoka nje, lakini waliokubali simu zao zifuatiliwe hawakufika nusu. Tofauti hiyo ina maana yake. Kizuizi cha barabarani kila mtu anakiona, kinamsimamisha mwenye gari la kifahari na abiria wa basi la Kondoa, na kinaondolewa hatari ikipita. Anayesikiliza simu yako humwoni, hujui ameanza lini, na hakuna siku atakapokuja kukuambia kwamba amemaliza. Kwa hiyo anayesema kwamba Waafrika wako tayari kuuza uhuru wao kwa usalama, na anayesema kwamba hawako tayari, wote wawili wamesoma nusu ya jedwali.

Chanzo kingine ni Sauti za Wananchi ya Twaweza, utafiti wa kupiga simu ulioanza mwaka 2013 kwa kuwagawia wahojiwa simu na chaja za umeme wa jua. Mahojiano ya simu ni ya haraka na nafuu, ila mtu anayehojiwa kwa simu kuhusu kusikilizwa kwa simu ana sababu nzuri ya kupima maneno yake.

Watu 2,400 wanaohojiwa na Afrobarometer wanawezaje kuwasemea mamilioni?

Wanaweza, mradi wachaguliwe kwa bahati nasibu, na makadirio ya kitaifa hutofautiana na hali halisi kwa takribani asilimia mbili juu au chini. Wasichoweza ni kuusemea mkoa mmoja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini na 3,085,625 mkoani Dodoma, yaani asilimia tano. Katika sampuli ya watu 2,400, Dodoma hupata wahojiwa wapatao 120, na kwa idadi hiyo kiwango cha makosa hufika karibu asilimia tisa kila upande. Ukisoma mahali kwamba "watu wa Dodoma wanaunga mkono" jambo fulani kwa tofauti ya asilimia nne au tano, na chanzo ni utafiti wa kitaifa, weka karatasi chini.

Kwa nini majibu hubadilika sana kulingana na swali?

Chukua maswali mawili. La kwanza: "Je, vyombo vya usalama viruhusiwe kusikiliza simu za magaidi?" La pili: "Je, ofisa wa usalama aruhusiwe kusikiliza simu yako akikushuku?" Mamlaka yanayoombwa ni yaleyale, kwa maana kabla ya hukumu hakuna gaidi, kuna mtuhumiwa tu, na mtuhumiwa anaweza kuwa wewe. Hata hivyo ni vigumu kumpata mtu atakayejibu "hapana" kwa la kwanza, na si vigumu kumpata atakayesita kwa la pili. Neno "gaidi" limekwisha kutoa hukumu kabla mhojiwa hajafungua kinywa.

Wakati nao una nguvu. Nchini Marekani, Januari 2002, miezi minne baada ya mashambulizi ya Septemba 11, utafiti wa Gallup ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu walikuwa tayari serikali ichukue hatua zote za lazima hata kama uhuru wao wa msingi ungevunjwa. Kufikia 2011 waliobaki na msimamo huo walikuwa kama robo. Sheria iliyoitwa Patriot, iliyoviongezea vyombo vya usalama mamlaka na kutiwa saini tarehe 26 Oktoba 2001, haikusubiri hofu hiyo ipoe. Hilo ni jambo la kuzingatiwa na wabunge wa nchi yoyote: hofu hupungua katika miaka michache, lakini kifungu kilichopitishwa wakati wa hofu hubaki kitabuni.

Kisha kuna nani anauliza. Mdadisi anapofika nyumbani akiwa na kishikwambi, ameongozana na mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, mwenye nyumba hawezi kuamini kwa urahisi kwamba majibu yake hayataenda ofisini kwa mtu. Afrobarometer wenyewe humaliza mahojiano kwa kumuuliza mhojiwa anadhani ni nani aliyewatuma, na katika nchi nyingi wapo wengi wanaojibu kwamba ni serikali. Mtu anayedhani anahojiwa na serikali kuhusu imani yake kwa polisi anajua jibu lisilo na madhara ni lipi.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilitoka wapi?

Tarehe 28 Septemba 2001 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1373, lililozitaka nchi zote kuufanya ugaidi na ufadhili wake kuwa makosa ya jinai. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi, namba 21 ya mwaka 2002, na Uganda ilitunga yake mwaka huohuo. Kenya, ambayo ilikuwa imeumia kuliko sote, ilichelewa kwa miaka kumi: muswada wa 2003 ulipingwa vikali na wanasheria, viongozi wa Kiislamu na watetezi wa haki za binadamu, na sheria haikupatikana hadi 2012. Ilipoongezewa makali Desemba 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi ilifuta vifungu vinane Februari 2015. Hapo maoni ya umma yalifanya kazi mara mbili, mara ya kwanza bungeni na mara ya pili kupitia mahakama.

Sheria yetu haikupita katika tanuri la namna hiyo. Inafafanua kitendo cha kigaidi kwa upana, inamtaka mwenye taarifa za ugaidi azitoe, na inaruhusu kunasa mawasiliano. Katika hili la mwisho sheria si legevu kama wengi wanavyodhani: ofisa wa polisi hupaswa kupata ridhaa ya maandishi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha amri ya mahakama. Upungufu ni kwamba maombi husikilizwa upande mmoja, na anayenaswa hana wa kumsemea.

Ni haki zipi zinazoguswa hasa?

Uhuru wa mtu binafsi (Ibara ya 15 ya Katiba), faragha na usalama wa mawasiliano (16), uhuru wa maoni (18), uhuru wa dini (19), kukutana na kujumuika (20), na ile dhana ya kutokuhesabiwa mkosaji kabla ya hukumu, iliyomo katika Ibara ya 13(6). Haki hizi ziliingizwa katika Katiba ya 1977 kwa marekebisho ya mwaka 1984. Ibara ya 30(2) inaruhusu sheria kuziwekea mipaka kwa ajili ya ulinzi, usalama wa jamii na amani, na mjadala wote wa kisheria kuhusu ugaidi unaishi ndani ya ibara hiyo moja.

Kama wananchi wengi wanakubali haki zipunguzwe, kuna tatizo gani?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na historia yake inaanzia hapahapa Dodoma.

Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya, katika Mahakama Kuu iliyoketi Dodoma, aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, inadhalilisha, na inapingana na Katiba. Mapema mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini ikaiokoa kwa Ibara ya 30(2), ikisema kwamba kuamua iwapo adhabu hiyo ni ya lazima kwa ajili ya kulinda uhai ni kazi ya jamii, na jamii ya wakati huo ilikuwa bado inaitaka. Kwa maneno mengine, maoni ya umma yaliwekwa kwenye mizani ya mahakama, nayo yakashinda.

Miezi michache baadaye, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilikabiliwa na swali hilohilo katika kesi ya Makwanyane. Majaji waliisoma hukumu yetu ya Mbushuu, wakaijadili, wakaenda njia nyingine. Rais wa mahakama hiyo, Arthur Chaskalson, alikubali kwamba huenda Waafrika Kusini wengi waliitaka adhabu ya kifo, lakini akaeleza kwamba maoni ya wengi hayawezi kuchukua nafasi ya wajibu wa mahakama, kwa kuwa kama wengi wangetosha kuamua, kusingekuwa na haja ya kuwa na mahakama ya katiba inayowalinda wasiopendwa.

Na hapo ndipo ugaidi unapoingia. Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed, aliyeshtakiwa kwa mlipuko wa Dar es Salaam, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 na kukabidhiwa kwa maofisa wa Marekani. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ikifuata Makwanyane, iliamua kwamba kumkabidhi bila kupata ahadi kuwa hatanyongwa kulivunja katiba yao. Wakati huo alikuwa tayari mahakamani New York. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani, likashindwa kukubaliana juu ya kifo, naye akapewa kifungo cha maisha. Ni vigumu kumpata mtu asiyependwa kuliko yeye, na ndiyo sababu kesi yake inafundisha: haki ilipimwa kwa mtu ambaye hakuna utafiti wa maoni ungemtetea.

Mwandishi wa ukurasa huu anaona kwamba Chaskalson alikuwa sahihi mahakamani, na kwamba kauli ya Mahakama ya Rufani ingefaa zaidi bungeni. Jamii ina kila haki ya kusema inaogopa nini na inataka ulinzi gani. Mahali pa kuisikiliza ni wakati wa kutunga sheria. Hakimu akianza kuhesabu vichwa, atavihesabu kwa kubahatisha, maana hana hata hojaji.

Mahakama ya Rufani yenyewe ilikuwa imeweka kipimo kizuri zaidi mwaka 1993 katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun: sheria inayobana haki isiwe ya kiholela, iwe na kinga za kutosha dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kuliko kiasi kinachohitajika kufikia lengo halali. Kipimo hiki hakiulizi ni wangapi wanapenda.

Kwa nini mtuhumiwa wa ugaidi hapewi dhamana, na watu wanalionaje hilo?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho wengi wanakifahamu kama 148(5), inataja makosa yasiyo na dhamana, na ugaidi ni mojawapo pamoja na mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaurudisha msimamo wa awali. Hivyo mtu akishtakiwa kwa ugaidi leo anabaki mahabusu, na kila tarehe ya kutajwa kesi husikia maneno ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ameyakariri: upelelezi haujakamilika.

Kesi mbili zimeugusa umma zaidi. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu kwa miaka mingi kabla ya mashtaka kuondolewa Juni 2021. Mwezi uliofuata Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa Mwanza na kushtakiwa kwa makosa yanayohusiana na ugaidi, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa kesi tarehe 4 Machi 2022. Sheria inamruhusu Mkurugenzi kufanya hivyo bila kulazimika kuueleza umma sababu. Matokeo yake kwa maoni ya watu ni mabaya kwa pande zote: aliyeamini kwamba washtakiwa wana hatia hakuuona ushahidi, aliyeamini kwamba wameonewa hakusikia wakisafishwa, na wote wawili wanaondoka na mashaka yaleyale waliyoingia nayo, sasa yakiwa na mizizi.

Je, Waislamu na Wakristo wana maoni tofauti kuhusu sera hizi?

Tafadhali lisiulizwe hivyo. Sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo hata uwiano wenyewe ni wa makisio. Linalogawa watu zaidi ni iwapo mtu anajiona upande wa wanaolindwa au upande wa wanaoshukiwa, na hilo hutokana na yaliyompata yeye au jirani yake. Kijana mwenye kanzu anayesimamishwa mara tatu katika safari moja kutoka Kondoa ana maoni yake kuhusu upekuzi. Mwendesha bodaboda anayekamatwa kila msako unapopita ana maoni yanayofanana naye sana, bila kujali wanasali wapi.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ni sehemu ya vita dhidi ya ugaidi?

Kwa sehemu. Serikali iliueleza kama njia ya kukabili uhalifu wa mtandao, utapeli na vitisho vya usalama, na baada ya kuongezwa muda, mwisho ukawekwa 20 Januari 2020. Malalamiko mengi tuliyoyasikia wakati ule hayakuhusu faragha hata kidogo. Yalihusu foleni za kitambulisho cha taifa. Mjadala wa faragha ulipata msingi baadaye, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023 na kuunda Tume ya kusimamia jambo hilo. Sheria hiyo ina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, na upana wa misamaha hiyo ndio unaostahili maswali.

Polisi wanahitaji maoni mazuri ya umma kwa ajili gani, ikiwa wana silaha na sheria?

Kwa sababu habari za kwanza hazitoki kwa silaha. Mpangaji mpya asiyejulikana, vijana walioacha ghafla kuonekana mtaani, mzigo uliohifadhiwa usiku: mambo haya huonwa na mama anayeuza vitumbua, na balozi, na mlinzi wa ulinzi shirikishi. Mtu mwenye habari hujiuliza mambo mawili kabla ya kuzipeleka. Je, jina langu litabaki siri? Na je, ikiwa nimekosea, huyo kijana wa watu atarudi nyumbani salama? La pili mara nyingi ndilo linalomzuia, maana hakuna anayetaka kubeba dhambi ya kumpoteza mtoto wa jirani kwa dhana. Kinga za mtuhumiwa, kumbe, ndizo zinazompa mtoa habari ujasiri.

Tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa Januari 2023 na kukabidhi taarifa Julai mwaka huo, ilikusanya maoni ya wananchi na kupendekeza mageuzi makubwa katika Jeshi la Polisi na vyombo vingine. Anayetaka kujua Watanzania wanawaonaje walinzi wao aanze na taarifa hiyo kabla ya kutafuta utafiti wa kigeni.

Je, ni kosa kufanya utafiti mdogo wa maoni mtaani kwangu?

Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliwatia watu hofu kubwa, kwa kuwa yalibana uchapishaji wa takwimu bila idhini. Yalilegezwa Juni 2019. Hata hivyo mwanafunzi anayetaka kwenda mitaani na hojaji kuhusu ugaidi atahitaji barua ya chuo na vibali vya ngazi za utawala hadi kwa mtendaji wa mtaa, na akienda bila hivyo, mada yenyewe itamfanya awe mshukiwa wa kwanza wa utafiti wake.

Mkazi wa kawaida anaweza kupeleka maoni wapi?

Malalamiko ya uvunjaji wa haki yanapokewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo makao makuu yake yako Dodoma. Mahakama Kuu iko wazi kwa shauri la kikatiba, ingawa marekebisho ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika, jambo lililopunguza sana mashauri ya kutetea umma.

Kwa sheria ambayo bado haijapitishwa, mlango ni kamati ya Bunge. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza, kamati huwaalika wadau, na tangazo mara nyingi hutoa siku chache tu. Maoni ya maandishi hupokewa na Katibu wa Bunge hata kwa asiyeweza kufika, na wakazi wa hapa hawana kisingizio cha nauli. Andika namba ya kifungu, nakili maneno unayotaka yaondolewe, na chini yake andika maneno unayopendekeza yawekwe. Hotuba ndefu kuhusu amani ya nchi wanazipata za kutosha.